Ulimi Wako Haukukudanganya

Roret, Alhamisi mchana

Mwanangu Cherotich,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Tumekunywa chai pamoja asubuhi, kisha ukaenda Ndanai kumuaga kogo, mama ya baba yako. Hali yangu mimi si nzuri, na ndiyo sababu naandika. Utarudi jioni. Hadi hapo nina meza hii, kalamu yako niliyoichukua bila kuomba, na karatasi nilizochana katikati ya daftari la kikundi cha akina mama. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika shuleni. Lugha yetu naijua kwa mdomo tu, na kwa mdomo nimejaribu mara nyingi tangu Desemba, nikashindwa.

Sitakueleza mambo ya Nakuru unakokwenda kesho kufanya kazi. Mjomba wako atakuonyesha duka, na wewe una miaka ishirini na miwili, unajua kufunga mlango na kujifunika ukilala. Ningeanza kukuambia ule nini na uvae nini, karatasi zingeisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Nadhani hilo ndilo ningependa, na kwa hiyo sitajipa nafasi.

Jambo lenyewe ni kahawa ile uliyomkaangia Madam Adhiambo. Hukuiharibu wewe. Niliiharibu mimi.

Nimeliandika mapema ili nisilizunguke. Sasa limeshaandikwa na siwezi kulirudisha, kwa hiyo nikueleze vizuri lilivyokwenda, maana unastahili kulijua lote na si nusu.

Unakumbuka baba yako alivyopanda ile miti arobaini ya kahawa kule chini, karibu na mto. Mimi sikutaka. Nilimwambia sisi ni watu wa majani ya chai, kila mtu hapa anachuna majani, kahawa ni ya watu wa mahali pengine. Akapanda tu, akarudi kwenye lori lake la majani. Miaka yote tuliyochuma yale matunda mekundu tuliyapeleka kiwandani, tukarudi nyumbani, tukapika chai ya maziwa. Sikuwahi kuonja hata tone. Mtu akiniuliza kahawa yangu ina ladha gani ningemwambia aliulize gunia.

Kisha wewe ukaja na mambo yako. Ulichukua karai la kukaangia mahindi, ukabakiza kahawa kidogo ukaikausha, ukaitwanga kwenye kinu hadi maganda yakatoka, ukapepeta, ukakaanga. Mara ya kwanza moshi ulitufukuza jikoni, mimi na kuku. Mara ya pili ukaniletea kitu cheusi kwenye kikombe, nikakiongeza maziwa na vijiko vitatu vya sukari mbele ya macho yako, na bado nikakunja uso. Hukukasirika. Uliandika kwenye kidaftari chako kidogo chenye jalada la kijani: siku, moto, dakika, mlio. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba buni hulia, kwamba ikifika wakati wake hupasuka kidogo kidogo, na mkaangaji anasikiliza kuliko anavyotazama. Niliona ni upuuzi wa simu. Siku moja ulifumba macho ukasema, “Mum, hii inakaa tunda damu,” nikacheka hadi nikaweka ndoo chini. Nilikuambia kama unataka matunda damu, mti uko nyuma ya choo.

Nakumbuka ulicheka pia. Sasa nafikiri ulicheka kwa sababu mimi nilicheka.

Kuna kitu kunihusu ambacho hukijui vizuri, kwa sababu kilitokea kabla hujazaliwa. Nilipoolewa, kogo hakuwahi kunitukana. Alifanya jambo moja tu. Mwezi wangu wa kwanza pale Ndanai walikuja wageni, ndugu za babu yako, na nilikuwa nimetayarisha mursik yangu ya kwanza katika nyumba ile, maziwa yetu ya kugandisha. Kogo alinusa mdomo wa sotet, kibuyu cha maziwa, akatoka nayo nje, akaimwaga nyasini wote wakiona. Mbwa wakaja. Akairudisha sotet ukutani, akamtuma mtu kwa jirani akaombe mursik nyingine. Nilikuwa na umri mdogo kuliko wako sasa. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta kuni.

Kutoka siku ile nilijifunza kazi hiyo kama mtu anayefukuzwa. Nilijua tawi gani la mti wa senetwet linatoa kaa zuri, nilijua kulisugua ndani ya kibuyu hadi ukuta uwe na rangi ile ya samawati nyeusi, nilijua maziwa yapoe kiasi gani na yakae siku ngapi. Wewe mwenyewe umeona wanawake wa kanisa wakija kuuliza. Kwetu harufu ile ya moshi ndani ya maziwa ndiyo heshima yenyewe. Mtoto akifaulu, mtu akirudi kutoka mbali, mgeni mkubwa akiingia, sotet ndiyo inayoteremshwa. Na mimi nikawa nashikilia sotet yangu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine ambacho watu walinisifia.

Niliapa sitamfanyia mwanangu alivyonifanyia kogo. Na kweli sijawahi kumwaga chakula chako nje. Nilifanya la chini kwa chini. Ukifagia, nilifagia tena. Ukipika sukuma, nilipita nyuma yako na chumvi. Ukiosha sufuria niliigeuza juani nikatafuta masizi. Ulipokuwa darasa la sita uliniuliza, “Mum, kuna kitu moja nimewahi kufanya ikatosha?” Nikakuambia usinisumbue, majani yanangoja. Ulikuwa umeuliza kwa upole kabisa, ukiwa umeshika ufagio. Nimelikumbuka swali hilo mwaka huu kuliko nilivyolikumbuka miaka yote iliyopita.

Basi, Desemba. Madam Adhiambo alikuwa anatafuta kijana mmoja wa kumfundisha kazi ya kuonja kahawa kule kwao Kericho, na alikuwa anapita nyumbani kwa kila aliyeomba, aonje kitu alichokikaanga kwa mkono wake. Ulikuwa na wiki mbili za kujitayarisha na hukulala vizuri hata usiku mmoja. Ulikaanga siku moja kabla, ukasema inahitaji kupumzika. Nyingi uliitia kwenye chupa ya kioo ukaiweka juu ya kabati la sebuleni, na kidogo iliyobaki ukaitia kwenye mkebe chumbani kwako. Asubuhi yake ulichukua kiasi kwenye ile chupa, ukaonja, na uso wako nikauona. Ulisema, “Iko safi. Iko safi kabisa.” Ukaoga, ukaenda sokoni Roret kumngoja mgeni.

Nilibaki na nyumba. Nilikuwa nimepika mandazi, nimetandika vitambaa, nimechemsha maziwa. Lakini ulikuwa umeniomba nisipike chai. Ulisema mgeni huyu akinywa chai kwanza ulimi wake utalala. Kwa hiyo mtu wa heshima angeingia nyumba yenye ng'ombe watatu wanaokamwa, apewe maji meusi bila maziwa, kama strungi ya mtu aliyeishiwa. Nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Niliona aibu kabla hajafika.

Nikaitazama chupa yako. Nikaitazama sotet yangu ukutani, niliyoisugua kaa la senetwet asubuhi ile ile, haijatiwa maziwa bado. Nikajiambia: kitu chochote cha heshima katika nyumba hii hupitia hapa. Nikajiambia kahawa itachukua harufu nzuri kidogo tu, mgeni atashangaa, atauliza, na wewe utasema ni mkono wa mama. Nikazimimina buni zote ndani ya sotet, nikafunga kifuniko, nikaitikisa.

Ningependa kuishia hapo, niseme nilitaka kukusaidia. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Nilikuwa na wivu pia. Kwa miezi nilikuwa nimekuona ukifumba macho juu ya kikombe ambacho sikukufundisha, ukitafuta ladha ambazo sizijui, na mursik yangu ukiinywa umesimama, haraka, ukitazama simu. Nilitaka mgeni huyo aonje kitu changu ndani ya kitu chako. Nilifagia tena, Cherotich. Hivi ndivyo nilivyokuwa nikifanya siku zote, safari hii nikafanya mahali ambapo hapakuwa na dawa.

Zilikaa humo karibu saa moja na nusu. Nilipozimimina nje zilikuwa na vumbi jeusi la kaa. Nikazipangusa kwa kitambaa, chache chache, nikazirudisha kwenye chupa yako, nikaiweka pale pale juu ya kabati na kuigeuza lebo ilivyokuwa. Kitambaa nikakificha chini ya godoro langu. Mtu anayefanya jema hafichi kitambaa. Hapo nilikwisha kujua.

Mlipoingia ulikuwa unaongea Kiingereza kingi. Madam Adhiambo alinisalimu vizuri, akaniambia babake alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai na yeye alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, kwa hiyo hapa ni kwao vilevile. Alikula andazi moja baada ya kukuuliza kama ni sawa. Mtu mwenye adabu. Ulitwanga, ukapanga vikombe vitatu, ukamimina maji, ukahesabu dakika kwa simu. Alichukua kijiko, akavuta kahawa kwa kelele ile iliyonifanya nitazame pembeni. Akavuta tena. Kisha akakupa wewe kijiko.

“Unapata nini?” akakuuliza.

Ulionja. Nilikuwa naangalia uso wako na niliuona ukibadilika. “Moshi,” ukasema. “Na nyuma yake kuna kitu ingine. Kama maziwa. Maziwa ya kukaa.”

Mwanangu, hakuna aliyekuambia. Ulitaja kibuyu changu bila kukiona. Nilisimama pale na sinia mkononi na nikajua kwamba ulimi wako ni wa kweli kabisa, na nikajua hivyo kwa hofu badala ya furaha.

Alikuuliza asubuhi ilikuwaje. Ukamwambia asubuhi ilikuwa safi. Akasema, bila ubaya, “Kahawa haiwezi kuwa safi asubuhi na saa sita iwe hivi. Labda asubuhi ulionja vile ulikuwa unataka.” Kisha akakuuliza kama kuna nyingine.

Ukasema, “Ni ile ile tu, madam. Nilikaanga pamoja.”

Na hapo ulinitazama. Sijui kama ulikuwa unauliza au unaomba tu mtu wa upande wako. Mkebe ulikuwa chumbani kwako, haujaguswa na mtu. Ilihitaji sentensi moja. Mdomo wangu ulifunguka, naapa ulifunguka, na mbele ya macho yangu nikaona nyasi za Ndanai na mbwa wanakuja. Nikaangalia kikombe.

Alipoondoka ulikaa kwenye kiti chake. Ukaniuliza kama labda ulichemshia maji kwenye sufuria ya maziwa, au kama kuni zilikuwa mbichi. Hukunishuku hata kidogo. Na mimi, badala ya kukuambia, nikasema maneno ambayo nayasikia hata nikiwa katikati ya majani: “Nilikuambia sisi si watu wa kahawa.” Niliyasema kwa sauti ya kufariji. Nilikutia hatia yangu mgongoni, kisha nikakupigapiga bega.

Jioni ulichukua chupa na ule mkebe, ukaenda navyo kwenye migomba. Nilikuwa mlangoni. Uliimwaga ya chupa. Kisha ukafungua mkebe, na bila hata kunusa ukaimwaga ile nzuri juu yake. Nilikuona. Hata hapo ningeweza kuita jina lako. Nikaingia ndani kuwasha taa.

Ujumbe wa kwamba amechaguliwa mwingine ulikuja baada ya Krismasi na ulinionyesha simu. Hujakaanga tangu siku hiyo. Nilijiambia utasahau, vijana husahau, kutakuja kitu kingine. Kisha mwezi uliopita mjomba wako alipokupigia kuhusu duka la dawa za mifugo, nilikuwa ninachambua maharagwe na nilikusikia ukimwambia, “Uncle, niko tayari kwa kazi yoyote. Mradi isiwe ya kutumia ulimi. Yangu hunidanganya.” Ulisema kwa mzaha. Yeye alicheka huko aliko. Mimi niliacha maharagwe nikatoka nje nikashika ukuta.

Duka la mjomba ni kazi njema na sina neno nalo. Lakini unakwenda huko ukiamini jambo la uongo juu ya mwili wako mwenyewe, na uongo huo niliupika mimi. Asubuhi ile ulionja kahawa safi kwa sababu ilikuwa safi. Saa sita ulionja moshi na maziwa kwa sababu vilikuwamo. Mara zote mbili ulikuwa sahihi. Nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja aliyelijua hilo, naye ni mamako.

Nilimwambia baba yako wiki mbili zilizopita. Alikuwa anafunga viatu kwenda kazini. Akaiacha kamba, akasema, “Mwambie mwenyewe. Hiyo siwezi kukubebea.” Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

Jumanne nilipokuambia naenda Kericho kuonyesha goti hospitalini, goti langu lilikuwa zima. Nilikwenda kumtafuta Madam Adhiambo. Nilimkuta anapangusa vikombe, vingi sana, na nikamweleza yote nikiwa nimesimama, hata habari ya kitambaa chini ya godoro. Aliendelea kupangusa. Nilipomaliza akaniuliza ile nyingine ilikuwa wapi. Nikamwambia ilikuwa kwenye mkebe chumbani.

“Hatua ngapi kutoka pale tulikuwa tumekaa?”

Nikafikiri. Nikamwambia nane.

“Hatua nane,” akasema. Akaweka kikombe chini. “Mama, ungesema tu, ningengoja maji ichemke tena.”

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake, nimepanga jinsi ya kupiga magoti kama ingebidi. Sikuwa nimejitayarisha kwa jambo dogo namna hiyo. Nafasi yako ilichukuliwa na kijana wa Kipkelion ambaye anafanya vizuri, na alisema hawezi kumtoa, na mimi sikumwomba. Lakini nilipokuwa mlangoni aliniita. Alisema wengi aliowafundisha hawawezi kutenganisha ladha mbili kama hizo, moshi na maziwa, kwamba wewe ulifanya hivyo kwa kijiko cha kwanza huku umeogopa, na kwamba tangu Desemba lilikuwa linamsumbua. Akasema, “Mwambie alete ingine. Naahidi kuonja. Siahidi kazi.” Nimekuandikia kama alivyosema, sijaongeza chumvi.

Leo ulipoondoka nilichukua kidaftari chako cha kijani chini ya kitanda. Naomba msamaha kwa hilo pia. Lile gunia dogo la kahawa yenye ganda bado lilikuwa linaning'inia stoo, nikatwanga, nikapepeta, nikawasha moto. Nilitaka kujua nilichoharibu ni kitu gani. Ya kwanza niliiunguza nje na ndani ikabaki mbichi, kwa sababu nilikwenda kutazama ndama. Ya pili sikusogea. Nilikoroga hadi mkono ukaniuma kuliko siku ya kuchuna, nikasikiliza, na kweli buni zililia, kidogo kidogo, kama ulivyosema. Nikazitoa nje nikazipepeta kwenye ungo hadi zikapoa. Hazikupata siku ya kupumzika, muda sina.

Nilimimina maji, nikahesabu dakika nne, nikachukua kijiko. Maziwa yalikuwa pale pale kwenye sufuria na sikuyagusa. Nilivuta kwa kelele kama Madam Adhiambo, peke yangu jikoni, mwanamke mzima. Ilikuwa chungu, maana mkono wangu si wako. Nikavuta tena. Mara ya nne au ya tano, baada ya kumeza, kikaja kitu pembeni mwa ulimi, kichachu na kitamu pamoja, kikaondoka. Nilitoka nyuma ya choo nikachuma tunda, nikalipasua, nikalamba, nikarudi kwenye kikombe. Ni lile lile. Ulikuwa umeniambia zaidi ya mwaka mmoja uliopita na nilikucheka hadi nikaweka ndoo chini. Nikakaa kwenye kigoda nikalia, na kahawa ikapoa, nikainywa hivyo hivyo.

Sijui nikushauri nini. Mashauri yangu umeyala tangu utotoni na umeona yalivyokufikisha. Naweza tu kukuambia nilichojifunza mimi, na nimejifunza nikiwa nimechelewa. Siku ile niliogopa kuaibika kwa dakika tano mbele ya mgeni mmoja. Nimeaibika miezi sita badala yake, kila siku, mbele yako, na wewe hukujua kwamba ndicho ulichokuwa unakiona. Ukiwahi kusimama mahali ambapo sentensi moja itamwokoa mtu, na ukahisi mdomo umekuwa mzito, mkumbuke mama yako na sinia lake.

Sotet ile sijaitia maziwa tangu Desemba. Uliniuliza Pasaka nikakuambia ina ufa. Haina ufa.

Kahawa iliyobaki nimekutwangia na kuipepeta, nimeitia kwenye mfuko mpya ambao haujawahi kubeba kitu. Haijakaangwa. Hiyo ni kazi yako na sitairudia. Nimeiweka ndani ya karai pamoja na kidaftari, na barua hii iko juu yake, na karai liko kitandani kwako. Nilifikiria kuichomeka chini ya nguo zako ili uikute Nakuru. Ungesoma huko, ungekasirika huko, na mimi ningekuwa hapa nachuna majani na kusubiri simu kwa amani. Nikaona huo ni ule ule ujanja wa kitambaa.

Kesho gari lako litapita Kericho kabla ya Nakuru. Sikwambii ushuke. Nimekutajia tu kwamba linapita.

Jioni utakapokuwa unasoma hii nitakuwa jikoni, na mlango nitauacha wazi. Unaweza kuja ukasema lolote, au ukalala na kuondoka asubuhi bila kuniaga, na nitabeba begi lako hadi barabarani hata hivyo ukiniruhusu. Siku ile ulinitazama, nikaangalia kikombe. Leo ukisimama mlangoni nitakutazama.

Mimi niliyekuzaa,
Mama